SOMO LETU: KUTOA KWA BUSARA WAKATI WA MAAFA



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya kuweka akiba na kuandika daftari la kikundi. Leo tunataka kuzungumza juu ya pesa na mali inayotoka kikundini kwenda kwa watu wengine, hasa wakati wa mafuriko, ukame au maporomoko ya ardhi. Wengine watasema, "Hilo nalo linahitaji somo? Kutoa ni kutoa tu." Hata sisi tulisema hivyo, mpaka tukajifunza kwa gharama. Wacha tuanze na hadithi yetu wenyewe, kwa sababu makosa yalikuwa yetu.

Yaliyotupata mwaka wa 2024

Mnazikumbuka mvua za masika za mwaka wa 2024. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamezuiwa na kalivati ya reli iliyoziba juu ya Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, yalipasua njia yakateremka kwa nguvu. Watu zaidi ya 45 walikufa, wengi wao wakiwa usingizini. Kabla mvua hizo hazijaisha, watu zaidi ya 290 walikuwa wamefariki katika sehemu mbalimbali za Kenya, na familia nyingi sana zilikuwa zinalala mashuleni na makanisani.

Sisi huku kwetu mlimani hatukuguswa sana. Jumapili moja vikundi sita vya parokia vilikaa baada ya misa, vikakubaliana kusaidia familia zilizohamia shule moja ya msingi kule chini karibu na mto. Hakuna aliyebishana. Kwa siku nne watu walileta walichokuwa nacho. Tulipata magunia 11 ya nguo na magunia 5 ya mahindi. Tukakodi lori kwa shilingi 22,000. Wapakiaji na chakula cha njiani vilikula shilingi 2,500 nyingine. Tuliondoka tukiimba.

Tulipofika tulikuta mambo tofauti. Kwanza, nguo zilikuwa zimeshafika nyingi kabla yetu, na nyingine zilikuwa nje zinanyeshewa kwa sababu hakukuwa na pahali pakavu pa kuziweka. Tulipofungua magunia yetu mbele za watu, tuliona aibu. Mlikuwa na viatu vya upande mmoja, makoti yaliyochanika, na gauni la harusi. Pili, kisiagi cha pale kilikuwa kimeingia maji, na cha karibu kilikuwa ng'ambo ya mto. Kwa hiyo mahindi yetu mazima hayangeliwa jioni ile wala kesho yake. Mama mmoja alishukuru kwa heshima, halafu akatuambia polepole, "Nimepewa sweta nne, lakini sina sufuria."

Maneno hayo tulirudi nayo. Njiani mweka hazina alitoa kalamu. Gunia la mahindi wakati huo tulilihesabu shilingi 3,500. Ile 24,500 tuliyotumia kusafirisha magunia 5 ingenunua magunia mengine 7. Na kama tungeuliza kwanza, hatungenunua mahindi kabisa. Tungenunua unga, sufuria, sabuni, mitungi ya maji, na sodo za wasichana, na vyote hivyo vilikuwa vinauzwa katika kituo cha biashara mwendo wa saa moja kutoka pale shuleni.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilitokea mwezi huo huo. Mtu mmoja alifika kikundini akiwa na barua yenye muhuri na picha za watoto katika mafuriko. Alisema anakusanyia shirika fulani. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, na alikuwa na haraka. Wanakikundi walichanga shilingi 6,500 zikatumwa kwa nambari yake ya simu. Baada ya wiki mbili nambari ile ilikuwa imezimwa. Tulipoenda kwa chifu, hakuna aliyemjua.

Katika mkutano uliofuata, nyanya mmoja mjane ambaye alikuwa ametoa shilingi 50 aliuliza swali moja tu: "Ile hamsini yangu ilimfikia nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Ndugu zetu, tangu siku hiyo michango ya kikundi kile ilipungua, hata ile ya mazishi na ya karo. Ndiyo maana tunasema hili si jambo dogo. Mchango ukipotea, zinapotea pesa na imani ya watu pamoja, na imani ndiyo ngumu kurudisha.

Moyo na kichwa

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo tunao, hilo halina shaka. Lakini moyo peke yake hupakia lori gauni la harusi. Lazima kichwa nacho kiketi kwenye kamati.

Hata nchi kubwa zimefanya makosa kama yetu. Tarehe 7 Desemba 1988 kulitokea tetemeko la ardhi huko Armenia, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Dunia nzima ilihurumia, zikapelekwa tani 5,000 za dawa na vifaa vya hospitali. Ilichukua watu 50 muda wa miezi sita kupanga na kujua ni dawa gani zimefika. Katika kila dawa 100, 8 zilikuwa zimepita muda wake zilipofika, na nyingine 4 ziliharibiwa na baridi kali. Nyingi ya zilizobaki hazikutambulika kwa urahisi kwa sababu ya lugha na majina yaliyoandikwa juu yake. Wagonjwa walikuwa wanangoja na wahudumu wanasoma maandishi ya makopo. Baadaye, mwaka wa 1996, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya misaada ya dawa. Neno lake kubwa ni hili: zawadi ifuate haja ya anayepokea, si kile kilichobaki kwa anayetoa.

Kwa hiyo wanakikundi, msipeleke kabisa dawa zilizobaki nyumbani. Pia msipeleke maziwa ya unga ya watoto wachanga kwa kujiamulia. Mahali ambapo maji yamechafuka, chupa ya maziwa inaweza kumletea mtoto kuhara kunakoua. Mama anayenyonyesha asaidiwe yeye kwa chakula na maji safi ili aendelee kunyonyesha, na yale mambo ya mtoto asiye na mama waachiwe wahudumu wa afya.

Maswali matano kabla ya kutoa

Baada ya aibu yetu tulikaa na vikundi tukatengeneza maswali matano. Tunawaomba muyaandike nyuma ya daftari la mkutano.

1. Ni nani anayeomba, na tunamjuaje?

Msikimbilie barua yenye muhuri. Muhuri huchongwa mjini kwa pesa kidogo. Ulizeni: ofisi yake iko wapi? Imesajiliwa chini ya sheria gani? Kikundi kama chenu husajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022. Mashirika yasiyo ya serikali yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka wa 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina sheria yake ya Bunge tangu mwaka wa 1965. Kwa upande wa Kanisa kuna Caritas, ambayo hufanya kazi kupitia majimbo na parokia. Mtu wa kweli hakasiriki akiulizwa. Anayesema "hakuna wakati wa maswali, watu wanakufa" mwambieni angoje mpige simu moja.

Na hiyo simu msiipige kwa nambari iliyo kwenye barua yake. Tafuteni nambari ya ofisi kupitia kwa chifu, parokia, au ofisi ya maendeleo ya jamii. Pesa zikitumwa kwa simu, zitumwe kwa nambari ya malipo ya shirika, si ya mtu binafsi. Someni jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha. Kama jina si lile mlilotarajia, simamisheni hapo hapo.

2. Wenyewe wamesema wanahitaji nini?

Hili ndilo swali tulilolisahau. Tafuteni mtu aliye pale pale: katekista, mwalimu, naibu wa chifu, mhudumu wa afya ya jamii, au kikundi cha akina mama kama chenu. Mumuulize leo wanakosa nini, na wiki ijayo watakosa nini. Siku za kwanza ni maji safi, dawa ya kutibu maji, blanketi, turubai, chakula kinachopikika, na sufuria ya kukipikia. Baadaye ni nauli ya hospitali, kitambulisho kilichosombwa na maji, vitabu na sare za shule, mbegu na jembe. Msichana wa miaka 14 hatamwambia mwanamume mwenye lori kwamba anahitaji sodo. Kwa hiyo kati ya wanaouliza, lazima awepo mama.

3. Kufikisha kutagharimu pesa ngapi?

Pigeni hesabu kabla ya kukodi gari. Andikeni upande mmoja thamani ya vitu, na upande wa pili gharama ya gari, mafuta na wapakiaji. Kama gharama inakaribia thamani ya vitu au inaipita, uzeni vitu hivyo hapa kwenu mpeleke pesa. Mara nyingi soko la karibu na maafa bado lina bidhaa. Kilichokosekana ni pesa mfukoni mwa watu. Ukinunua kule kule, unasaidia mara mbili: familia inapata chakula, na mama wa kibanda anayeuza chakula hicho anasimama tena. Lakini ukimwaga mahindi ya bure katika soko linalofanya kazi, unaweza kumwangusha mkulima wa pale ambaye naye anajaribu kuuza.

Ila msiseme pesa ni jibu la kila mahali. Kama daraja limevunjika na maduka hayana kitu, basi vitu vinahitajika, na wenye magari makubwa, mashua au ndege wanafaa kuliko sisi na lori letu. Hapo tuchangie wao. Na shirika likiwaambia kwamba sehemu ya mchango italipa mafuta na dereva, msikasirike. Unga haujifikishi wenyewe. Cha kuuliza ni kiasi gani, na kama wanaandika.

4. Nani ataamua nani apewe?

Tuliona kambini kwamba wenye nguvu hufika mbele ya mstari. Mzee asiyetembea, mlemavu, mama mwenye mapacha, na familia iliyopokelewa nyumbani kwa jirani badala ya kambini husahaulika. Ulizeni kama kuna kamati, kama kuna wanawake ndani yake, na kama orodha ya majina inasomwa mbele ya watu wote. Msaada usitolewe kwa kabila, kwa chama cha siasa, wala kwa dini. Msaada wa Kanisa nao si wa Wakatoliki peke yao. Yule Msamaria katika Injili hakumuuliza mtu aliyejeruhiwa anasali wapi.

Tena tukitazama hadithi hiyo vizuri, Msamaria alitoa kwa busara. Alianza na kidonda kilichokuwa mbele yake. Halafu alimwachia mwenye nyumba ya wageni pesa, mtu wa pale pale atakayeendelea na kazi. Na akaahidi kurudi kuona hesabu. Hayo matatu yanatosha kuongoza kamati yoyote.

5. Habari itarudi kwetu namna gani?

Kabla pesa hazijatoka, kubalianeni na anayepokea: mtapata risiti lini? Nani ataleta taarifa, na kwa njia gani? Ukurasa mmoja unatosha: tulipokea kiasi hiki, tulinunua hivi, tulizipa familia kadha. Msidai picha ya mama akipokea unga huku amejifunika uso. Watu wakiwa katika shida bado wana heshima yao. Risiti ya duka na orodha iliyotiwa sahihi ni ushahidi bora kuliko picha.

Pesa zitoke mfuko gani?

Hapa vikundi vingi hukosea kwa sababu ya huruma. Pesa za mikopo ni za wanachama. Kila mmoja ana hisa zake pale. Msizichukue kutoa msaada, hata kama ni jambo zuri. Kama wanachama kumi wanangoja mkopo wa mbolea na nyinyi mmetoa pesa hizo, mmeanzisha shida ya pili hapa nyumbani. Tumieni mfuko wa jamii, au mchango wa hiari unaoandikwa peke yake katika daftari. Kikundi kisicho na mfuko wa jamii kianze sasa, hata kwa shilingi 10 kila mkutano. Wanachama 25 wakitoa shilingi 10 kila wiki, kwa mwaka ni shilingi 13,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Wala msidharau kidogo. Mwaka wa 2011, wakati wa ukame mkali, Wakenya walichangishana katika kampeni iliyoitwa Kenyans for Kenya. Watu wa kawaida walituma kwa simu kuanzia shilingi 10. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500, na lilipitwa. Ilisaidia kwamba michango ilipita mlango mmoja unaojulikana, na hesabu ikawa inatangazwa watu wote wakisikia.

Mchango wa pili

Jambo la mwisho ni muhimu kuliko tulivyodhani. Wiki ya kwanza ya maafa redio inatangaza, wakubwa wanafika, magari yanajaa. Mwezi wa tatu hakuna mtu. Lakini ndipo familia inarudi kwenye shamba lililojaa mchanga, haina mbegu, na choo kimeporomoka. Ukame ndio husahaulika zaidi kwa sababu hauna siku moja ya kutangazwa. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020, maeneo makavu ya Kenya yalikosa mvua misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Wengi wetu tulikuja kusikia habari hiyo wakati mizoga ilikuwa imeshajaa kando ya njia.

Kwa hiyo tunawashauri: mkichanga, gawanyeni. Theluthi mbili ziende sasa, theluthi moja ingoje miezi mitatu.

Sisi tulifanya hivyo mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Hatukukodi lori. Mwenyekiti alimpigia simu mwalimu wa ile shule, akauliza familia zimefika wapi. Mwalimu akaita kamati ya wazazi, wakajibu baada ya siku tatu: familia 12 zilizokuwa karibu na mto zimerudi mashambani bila mbegu wala majembe, na mvua za vuli zinakaribia. Tulichanga shilingi 14,400, yaani shilingi 1,200 kwa kila familia. Tulilipa duka la pembejeo la pale pale, mwenye duka akatoa risiti, na kila familia ikachukua mbegu na jembe ikatia sahihi. Karatasi zile zilifika kwetu na matatu baada ya wiki moja. Katibu alizisoma mkutanoni mstari kwa mstari. Yule nyanya wa shilingi 50 alikuwa ametoa tena hamsini, na safari hii alisikia iliyofanyika.

Mfano wa kuandika katika kumbukumbu za mkutano

"Wanachama 22 kati ya 25 wamehudhuria. Kikundi kimekubaliana kwa kura kutoa sh. 9,000 kutoka mfuko wa jamii. Sh. 6,000 zitatumwa wiki hii na sh. 3,000 baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti amezungumza na katekista wa pale. Kinachohitajika ni mitungi ya maji na sabuni. Mweka hazina ataleta risiti mkutano ujao. Taarifa itasomwa kabla ya mwezi kuisha."

Kazi ya kikundi

Anzeni kwa igizo la dakika tano. Mmoja awe mgeni mwenye barua na haraka nyingi, mmoja mwenyekiti mwenye huruma, mmoja mweka hazina anayeuliza. Wengine watazame, halafu mjadiliane:

1. Tumeona nini katika igizo? Mgeni alitumia njia gani kutuharakisha?
2. Je, jambo kama hili limewahi kutokea kwetu? Nani aliumia?
3. Mara ya mwisho tulipochangia maafa, mchango ulimfikia nani? Tuna karatasi gani ya kuonyesha?
4. Maafa yakitupata sisi wenyewe kesho, tungependa watu watuulize nini kabla ya kutuletea vitu?
5. Tuchague leo watu wawili, mmoja awe mama, watakaokuwa na kazi ya kuuliza na kurudisha habari.

Swali la nne msiliruke. Mto haujui kikundi cha kutoa na kikundi cha kupokea, na anayetoa mwaka huu anaweza kupanga mstari mwaka ujao.

Vikundi vitakavyofanya somo hili vituletee majibu ya swali la tatu kupitia ofisi ya parokia, hata kama jibu ni "hatujui". Sisi nasi tulianzia hapo.